malloc haikukataa, lakini programu imeuawa: la kufanya kwenye C

Wiki iliyopita nilikaa na kijana ninayefanya naye kazi. Programu yake ya kusoma faili za rekodi ilikuwa ikizimika katikati, na kwenye skrini neno moja tu: Killed. "Kaka, kila malloc nimeikagua," akaniambia. (malloc ndiyo fankisheni ya C ya kuomba memori; ikikosa hurudisha NULL, yaani anwani tupu.) Ni kweli, alikuwa ameikagua.

1. Kagua NULL kila unapoomba memori. Hili unalijua.

2. Jibu la `realloc`, inayobadili ukubwa wa kipande ulichopewa, lipokelee kwenye pointa nyingine (lebo ya `safisha` naieleza namba 5):

```
char *mpya = realloc(data, ukubwa);
if (mpya == NULL) goto safisha;
data = mpya;
```

Ikikataa, kipande cha zamani hubaki kilivyo. Ukiandika `data = realloc(data, ...)` umeshapoteza anwani yake.

3. Kwa safu, tumia `calloc(n, sizeof *x)`. Ukizidisha mwenyewe ndani ya malloc, hesabu inaweza kufurika ukapewa kipande kidogo kuliko ulichodhani.

4. Hapa ndipo mimi niliwahi kukesha usiku mzima nikitafuta kosa ambalo halikuwa kwenye kodi. Linux huahidi memori kuliko iliyonayo. malloc inakupa anwani, lakini kurasa zenyewe (vipande vya memori halisi) hutolewa pale unapoandika humo mara ya kwanza. Ukiomba kwa mkupuo mmoja kuzidi RAM na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) kwa pamoja, kwa mipangilio ya kawaida utakataliwa. Ukiomba kidogo kidogo mara elfu, utakubaliwa tu, mpaka memori iishe kweli na kerneli, yaani kiini cha Linux, ichague programu ya kuua. Huua kwa ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuidaka, kwa hiyo tawi la NULL kwenye `if` yako halifikiwi kamwe.

Hakikisha kwanza: mara tu programu inapokufa, `echo $?` (namba iliyoachwa na programu ya mwisho) ikitoa 137 (yaani 128 + 9), fungua `sudo dmesg`, ujumbe wa kerneli, utafute "Killed process".

Kisha ilazimishe malloc ikatae:

```
(ulimit -v 200000; ./soma rekodi.txt)
```

Namba hiyo ni kilobaiti. Mabano usiyaache: bila hayo kikomo kinaikamata terminali yako yote, na bila kuwa root (msimamizi wa mashine) hukipandishi tena. Usichanganye na AddressSanitizer, zana ya kutafuta makosa ya memori, maana yenyewe hujitengea nafasi kubwa mno ya anwani na itagoma kabla programu haijaanza. Wapo wanaopenda kuweka `vm.overcommit_memory=2`, mpangilio unaoizuia Linux kuahidi kupita kiasi. Kwenye mashine ya kazi mimi sikubali, kwa sababu programu nyingine zisizo na kosa zitaanza kukataliwa.

5. Weka lebo moja ya `safisha` mwisho wa fankisheni, `free` zote zikae hapo. Watu huiogopa `goto`. Kwa kazi hii sijaona njia iliyo safi zaidi.

Tulipoweka kikomo, programu ya kijana ilianguka kwenye mstari wa 88, si kwenye malloc yoyote. Ilikuwa `strdup`, ambayo nayo huomba memori kimyakimya na kurudisha NULL. Alikuwa akinakili kila mstari wa faili na kuuhifadhi. Sasa anasoma mstari, anauhesabu, anauachia.