Kutafsiri tangazo la residensi ya wasanii kutoka Kiholanzi kwenda Kiingereza

Anza na vipengele vya fedha, maana hapo ndipo msanii huumia. "Vergoeding" usiligeuze moja kwa moja kuwa "fee": huenda ni malipo ya kazi, huenda ni kurudishiwa gharama tu. Likiwa "onkostenvergoeding", andika "reimbursement of expenses". Likiwa "kunstenaarshonorarium", andika "artist's fee". Hatari zaidi ni "eigen bijdrage", yaani pesa anayotoa msanii mwenyewe. Ukiandika "contribution" peke yake, mwombaji atadhani analipwa yeye. Malizia: "payable by the artist". Tazama na nukta: "€ 1.500" ni elfu moja na mia tano, kwa Kiingereza "€1,500".

"Werkperiode" ni kipindi cha kufanya kazi, na si lazima kiwe na malazi. Tafuta kwanza "woonruimte" (nafasi ya kuishi) au "woon-werkruimte" (nafasi ya kuishi na kufanyia kazi) kwenye tangazo; usipoiona, waulize waandaaji kabla ya kuandika "residency" (msanii kukaa na kufanya kazi mahali kwa muda), au baki na "working period".

"Gastatelier" ni "guest studio". "Werkplaats" ni karakana yenye vifaa, mathalani ya uchapaji au kauri. "Workshop" tupu husomeka kama semina, hivyo "workshop facilities" ni salama zaidi. "Opdracht" kwa msanii ni "commission", yaani kazi ya sanaa aliyoagizwa, si "assignment".

Majina ya taasisi za residensi kama Rijksakademie na Jan van Eyck Academie yaache yalivyo. Mondriaan Fonds, mfuko wa umma wa sanaa wa Uholanzi, hata hivyo, hujiita Mondriaan Fund kwa Kiingereza, fuata hilo.