Kabla hujanunua Raptor 660 iliyotumika

Majira ya baridi yakikaribia hapa Oman, simu huanza kulia. Kijana anataka pikipiki ya magurudumu manne ya kupandia michanga ya Bidiya, pesa ya mpya hana, na kwenye matangazo ameiona Raptor 660 ya bei rahisi. Swali ni lile lile: ami, nichukue? Mimi ni fundi wa pikipiki hizi hapa Barka, na kabla sijamjibu huwa nauliza kwanza: utapanda na nani, na wapi?

Yamaha Raptor 660R ni ya modeli za 2001 mpaka 2005. Mwaka 2006 ikaja Raptor 700, inayotumia injeksheni badala ya kabureta. Injini ya 660 ni silinda moja kubwa yenye valvu tano, tatu za kuingiza na mbili za kutolea, na kabureta mbili. Ina nguvu ya chini inayokupandisha tuta la mchanga bila kuilazimisha, na naipenda kwa dhati. Lakini ina ugonjwa ambao kila fundi anaujua: klachi ya stata.

Hiki ni kifaa cha duara kilichokaa nyuma ya sumaku inayozunguka na injini, upande wa kushoto. Ukibonyeza kitufe, kinaishika injini na kuizungusha. Injini ikishawaka, kinaiachia. Pistoni ile ni pana, milimita 100, na betri ikiwa dhaifu haifiki juu: inarudi nyuma kwa kishindo, na kishindo chote kinabebwa na klachi ya stata. Ikirudi hivyo mara nyingi, kifaa kinalegea au kinavunjika. Hapo ukibonyeza utasikia stata inazunguka yenyewe, inakwaruza, na injini imetulia tu.

Sasa fikiria umefika wapi. Michanga ya Sharqiya, ambayo Bidiya iko ukingoni mwake, ina urefu wa kama kilomita 180 toka kaskazini mpaka kusini, na upana wa kama 80. Raptor 660 haina kiki ya mguu, na kuisukuma mchangani ili iwake ni kujichosha bure. Ndiyo maana nauliza utapanda na nani. Anayetoka na wenzake wenye gari na kamba, klachi ya stata kwake ni usumbufu. Anayependa kwenda peke yake alfajiri, kwake ni hatari ya maisha, na mtu huyo namwambia wazi aiache 660 ambayo klachi yake haijabadilishwa, hata akipewa kwa nusu bei.

Ukiamua kwenda kuitazama, mpigie muuzaji simu mapema na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, uliza sababu, na kama hakuna jibu la maana subiri ipoe mbele yako. Injini ya moto huficha mengi. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta uone maji: yakiwa na utelezi wa oili, au injini ikiwaka yakatoa mapovu yasiyokwisha, gaskiti ya silinda hedi imekwenda. Kisha bonyeza stata uiwashe, uizime, uiwashe tena, mara kadhaa. Kishindo kimoja cha chuma kinatosha kukuambia klachi ya stata inakufa. Ikishawaka, sikiliza upande wa cheni ya taimingi, ile ya ndani inayoendesha valvu. Mlio wa kugongagonga usiokwisha hata injini ikipata joto unamaanisha cheni imelegea au kikazio chake kimechoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Yote hayo yanatengenezeka. Ninachokiogopa zaidi kwa pikipiki ya huku kwetu ni mchanga uliomo ndani, na huo muuzaji hataji. Ondoa siti, fungua boksi la hewa, toa fulta, yaani chujio la hewa. Usiitazame fulta, maana inaweza kuwa imenunuliwa jana. Ingiza kidole kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, ng'ambo ya fulta, upanguse ukuta wake kwa ndani, halafu usugue kidole na gumba. Ukihisi chembe, injini imekula mchanga. Mchanga ukichanganyika na oili unasaga ringi na ukuta wa silinda kama msasa, na hakuna marekebisho ya nje yatakayolirudisha hilo. Aliwahi kuja kwangu mteja na pikipiki iliyong'arishwa, plastiki mpya, stika mpya, magurudumu ya mchangani mapya. Kidole kilitoka na vumbi jekundu. Nikamwonyesha, akanyamaza, akarudi kwa muuzaji kudai pesa yake.

Ukiweza, mlipe fundi apime kuvuja kwa hewa kabla hujatoa pesa. Geji ya kompresheni ya kawaida inadanganya kwenye injini hii, kwa sababu kamshafti, shafti inayofungua valvu, ina kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo namba inasoma chini hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha kuvuja ni kingine: pistoni inawekwa juu kabisa, valvu zimefungwa, hewa ya kompresa inaingizwa kwenye tundu la plagi, na geji inaonyesha kiasi gani kinatoroka. Chini ya asilimia 10 nafurahi. Ikivuka 20, nahesabu kwamba injini inafunguliwa. Na masikio yanakwambia hewa inatokea wapi: ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea haikai; kwenye kabureta, ni ya kuingiza; ikitoka kwenye bomba la kupumulia la injini, ni ringi; mapovu kwenye radieta, ni gaskiti.

Uliza pia kama injini imepanuliwa. Kuna pistoni ya milimita 102 inayoifanya kuwa cc 686, na nyingi zimefungwa hiyo. Si kosa, lakini mwenye pikipiki lazima ajue kipimo chake, kwa sababu pistoni, ringi na gaskiti utakazoagiza zinategemea hicho. Anayesema "imepanuliwa" bila kujua kiasi gani, alinunua bila kuuliza, na ya kabla yake hayajui pia. Angalia na ekzosi: kama ni ya wazi na kifuniko cha boksi la hewa kimetolewa, uliza kama jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima mafuta, zilibadilishwa. Plagi nyeupe kabisa ni dalili kwamba mafuta ni machache na injini inapata joto kuliko inavyotakiwa.

Fremu usiipite haraka. Piga tochi pale mikono inayoshika magurudumu ya mbele inapofungwa na pale pa kuwekea miguu. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu nzee, ikwangue kidogo uone kama chini kuna welding. Inua gurudumu la mbele na ulitikise kwa mikono miwili. Likicheza ni beringi au bolijointi, na hizo ni nafuu.

Namba ya fremu ilingane na karatasi. Kwa zilizotoka soko la Marekani, herufi ya kumi ya namba hiyo ni mwaka: 1 ni 2001, 5 ni 2005. Muuzaji akiita "2005" na herufi ikawa 2, bei ianze upya.

Halafu hesabu. Chukua bei anayotaka, ongeza klachi ya stata na gaskiti zake, ongeza betri, na kama kipimo kimevuka asilimia 20 ongeza pistoni, ringi na kazi ya silinda. Jumla ikivuka robo tatu ya bei ya Raptor 700 nzima iliyotumika, mimi nashauri usubiri mwezi mmoja au miwili uongeze uchukue 700. Wengine huniambia basi wachukue YFZ450, Yamaha nyingine ya magurudumu manne, ya mashindano. Ni kali, lakini valvu zake za titani hazisamehe mchanga, na anayeanza hataweza kuitunza.

Jumla ikiwa chini ya hapo, na kidole kikatoka safi, na muuzaji mwenyewe akakutajia klachi ya stata kabla hujamuuliza, inunue. Ukifika nyumbani toa oili ya injini na ya tangi lake la oili, ichuje kwenye kitambaa cheupe na upitishe sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande, usiiwashe tena; fungua upande wa kushoto utafute vilikotoka kabla havijapita kwenye pampu ya oili.