Somo: pendekezo la baraza kuu la mawasiliano (someni kabla ya kuniuliza)

Ba ndugu wa Lubumbashi, wiki hii nimeulizwa mara nne jambo lile lile: "Tunataka serikali iunde baraza kubwa la kuongoza sera ya simu na intaneti, tuanzie wapi?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza pembeni nitamtumia linki tu.

Hatua ya 1. Someni kilichopo hapa kwetu Kongo: sheria 20/017 ya 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano, na ordonansi-sheria 23/010 ya 13 Machi 2023 juu ya dijitali. Hii ya pili tayari inataja Baraza la Kitaifa la Dijitali. Semeni baraza lenu linatofautianaje nalo, la sivyo karatasi yenu itaonekana imeandikwa na mtu aliyelala miaka mitatu.

Hatua ya 2. Posta na mawasiliano ni kazi ya serikali kuu peke yake, si ya jimbo. Katiba, kifungu cha 202.

Hatua ya 3. Tajeni shida, moja tu. Sisi, tulipoandika pendekezo letu, tulichukua hii: umeme wa antena uko wizara moja, ushuru wizara nyingine, barabara inayochimbwa kupitisha nyaya za fibre za intaneti iko kwingine, usalama kwingine tena. Kumbukeni RAM, ile tozo ya kusajili simu: watu walianza kukatwa inite (salio la simu) mwaka 2020, ikafutwa 2022. Kama wizara za Fedha na Mawasiliano na mdhibiti wa simu wangebishana kwanza kwenye meza moja, kelele zingebaki pale mezani, zisingefika kwenye simu ya mama muuza tomati.

Hatua ya 4. Madaraka. Hapa ndipo niliharibu, kwa hiyo tulieni.

Rasimu yetu ya kwanza ilitaka baraza liwe na uwezo wa kutoa lisansi, kupanga bei ya mega (intaneti ya simu) na kutoza kampuni faini. Tulijisikia wakali kweli. Tukampelekea mwanasheria mmoja mzee. Alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akauliza: "SCPT, kampuni ya posta na simu, ni ya nani?" Tukajibu ni ya serikali. "Basi mawaziri wakikaa kugawa lisansi, mnampa mwenye duka mizani ya soko lote." Kazi ya kudhibiti soko ina mwenyewe, ARPTC, mdhibiti wa posta na mawasiliano, ambayo iliundwa kwa sheria tangu 2002. Tulitupa kurasa kumi na moja. Miezi miwili ya kazi, na pesa za kuchapa zilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku ile napiga mstari chini ya kila kitenzi. Kushauri, kupatanisha, kupanga vipaumbele, kufuatilia: vinabaki. Kuidhinisha, kutoza, kuadhibu, kufungia: futa. Angalieni sana "kuratibu masafa" (mawimbi ambayo simu hupitia), kwa sababu mlango wa lisansi unarudi kupitia pale. Na mdhibiti asipewe kura barazani. Akae kama mshauri, maana akipiga kura na mawaziri leo, kesho watamwambia nini cha kuamua.

Hatua ya 5. Wajumbe. Waziri Mkuu awe mwenyekiti, asiwe waziri wa Mawasiliano, kwa sababu waziri hawezi kumwita mwenzake wa Fedha naye akaja. Mfano wa kusoma ni India: Telecom Commission iliundwa 1989, ikaitwa Digital Communications Commission tangu 2018, na wizara ya Fedha ina kiti ndani. Mdhibiti wao, TRAI, alikuja 1997 akakaa mbali nayo.

Hatua ya 6. Kama ni baraza la kushauri na kupatanisha tu, ombeni dekreti (amri) ya Waziri Mkuu. Mkitaka liwe na nguvu zaidi, ni sheria, na kifungu cha 130 cha Katiba kinasema sheria inapendekezwa na serikali, depite (mbunge) ao senata. Si ninyi.

Hatua ya 7. Tumeni kama petisheni (ombi la raia). Kifungu cha 27 cha Katiba kinaipa mamlaka miezi mitatu kujibu.

MASWALI

Mtoto wa Katuba: Yaya, sasa tupeleke kwa gavana ao kwa depite wa jimbo?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Bwana Mega: Hii baraza itashusha bei ya mega?

Mwandishi: Hapana.

Bwana Mega: Sasa faida ni gani? Ni kula pesa ya serikali tu, uongo mwingi.

Mwandishi: Sikuandika popote kwamba itashusha bei. Hatua ya 3 inasema shida, hatua ya 4 inasema nani hupanga nini. Ukizisoma zote mbili tutaongea.

Mama wa Kamalondo: Aksanti kwa ile ya vitenzi, nimeipenda. Lakini baraza likishauri na waziri akanyamaza, tumefanya nini?

Mwandishi: Mama, hapo umegusa penyewe. Ufaransa waliunda baraza lao la dijitali mwaka 2011, la kushauri tu, na ushauri kila mahali unaweza kuishia kwenye droo. Sisi tuliweka sentensi mbili: waziri ajibu kwa maandishi ndani ya siku 60, amekubali ao amekataa na kwa sababu gani, halafu ushauri na jibu vitolewe pamoja kwenye Jarida Rasmi. Hapo hakuna anayeamriwa, ila kunyamaza kunaonekana. Ongezeni pia sekretarieti ndogo yenye mstari wake kwenye bajeti. Bila watu wawili watatu wa kuandika, mawaziri watapiga picha siku ya uzinduzi, basi.

Mama wa Kamalondo: Na intaneti ikikatwa kama ile ya mwisho wa 2018, siku ishirini?

Mwandishi: Halitazuia. Ila mnaweza kuandika kwamba baraza liitwe ndani ya saa 24, sababu iandikwe, na benki na hospitali zisikilizwe. Mkiandika hivyo nitumieni nisome, sisi hatukufikiria.

Fundi Ruashi: Msitume kwa WhatsApp tu. Beba kopi mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo.

Mwandishi: Kweli kabisa, muhuri ndio ushahidi wa siku mliyopeleka, kwa ajili ya ile miezi mitatu. Na chapeni pande mbili za karatasi.

Mtoto wa Katuba: Wapi wanachapa pande mbili kwa bei ya chini?

Fundi Ruashi: Njoo kwangu, lakini asubuhi, mbele ya umeme kukatika.