Jinsi ya kuhesabu mayai ya ovari ya dagaa kwenye slaidi bila kudanganywa na duara

Wiki iliyopita nimekaa na mdogo wangu mmoja wa chuo hapa Kigoma, anasoma uzazi wa dagaa wa Tanganyika, kahesabu duara (mayai yaliyokatwa yanaonekana kama duara) kwenye slaidi moja siku tatu nzima halafu akataka kusema ovari ina mayai kadhaa. Nikamwambia mdogo wangu, hapo bado hujahesabu mayai, umehesabu mikato. Naandika ili mwingine asipoteze siku zake.

Hatua ya 1. Gandisha ovari kwenye nta, kata kwa mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba) mikromita 5, yaani milimita 0.005 kila kipande. Hii mnaijua. Ila ule utepe wa vipande vinavyotoka vimeshikana usitupe hata kipande, utaona kwa nini.

Hatua ya 2. Ujazo wa ovari. Chagua namba kwa bahati nasibu kati ya 1 na 100, tuseme 37, chukua kipande cha 37, 137, 237 mpaka ovari iishe. Usichague "kipande kizuri", kizuri ndo kinachoharibu. Weka gridi ya nukta kwenye picha (mi natumia ImageJ, programu ya kupima picha, ni ya bure na inatosha kabisa), hesabu nukta zinazoangukia kwenye ovari. Mfano wa hesabu tu: nukta 200, kila nukta inawakilisha milimita mraba 0.25, umbali kati ya vipande milimita 0.5. Zidisha vyote, unapata milimita za ujazo 25. Nukta mia mbili kwa ovari nzima zinatosha, usijiumize na elfu. Delesse, mwanajiolojia wa Ufaransa, alishaonyesha mwaka 1847 kwenye miamba kwamba sehemu ya eneo kwenye mkato inakupa sehemu ya ujazo.

Hatua ya 3. Idadi, na hapa ndo watu wanapotea. Chukua gunia lenye machungwa na ndimu idadi sawa, likate na upanga mara moja. Kama chungwa ni pana mara mbili ya ndimu, upanga utagusa machungwa mara mbili zaidi, japo idadi ni sawa. Slaidi ni huo upanga. Yai kubwa lina nafasi kubwa ya kuonekana, kwahiyo ovari ya samaki aliyekaribia kutaga itaonekana ina mayai mengi kumbe ni makubwa tu. Mimi mwenyewe nilikaa na kosa hili miezi kadhaa, nikiwa najaribu kurekebisha kwa fomula za kukisia umbo la yai, achana nazo.

Dawa yake ni disekta, ilielezwa 1984. Unachukua vipande viwili vya karibu, unahesabu mayai yaliyopo kwenye cha kwanza na HAYAPO kwenye cha pili. Kila yai lina kilele kimoja tu, kubwa au dogo, kwahiyo linahesabiwa mara moja. Umbali kati ya vipande uwe kama robo ya yai dogo unalotaka kuhesabu: yai la mikromita 80, umbali 20, yaani kipande cha 37 na cha 41. Ndo maana nikasema utepe usitupwe, 41 ikishakwenda kwenye pipa huwezi kuirudisha. Kikichanika kipande, kihesabu hivyohivyo kwenye namba, la sivyo umbali wote unakuwa uongo.

Chora fremu ya mraba kwenye picha ya kipande, hesabu ndani yake tu: yai linalogusa mstari wa kushoto au wa chini usilihesabu, la kulia na juu unalihesabu. Mstari wa kushoto uuendeleze juu, wa kulia uushushe chini, hizo nazo ni za kukataa.

Hatua ya 4. Fremu 60 za milimita mraba 0.1, kina milimita 0.02 (ule umbali wa mikromita 20 kati ya vipande), jumla milimita za ujazo 0.12. Ukipata mayai 96, ni 800 kwa milimita ya ujazo, zidisha 25: mayai 20,000. Tishu inasinyaa kwenye nta, kwahiyo ujazo wa hatua ya 2 na hesabu ya hatua ya 3 lazima vitoke kwenye vipande hivyohivyo vya nta. Ukizidisha na ujazo wa ovari mbichi uliopima kwenye maji, umepandisha idadi bure.