Kusoma Crossing the River kwa Kikundi, Dodoma

Caryl Phillips alizaliwa kisiwani St Kitts mwaka 1958, akapelekwa Uingereza angali mchanga na kukulia Leeds. Riwaya yake ya 1993 kuhusu utumwa na matokeo yake, Crossing the River, inafaa kikundi kuliko msomaji wa peke yake: sauti ni nyingi, na mtu mmoja huchoka kuzifuatilia.

Watu sita hadi wanane wanatosha, kila wawili nakala moja. Someni kwa Kiingereza, jadilini kwa Kiswahili. Vikao viwe vitano vya saa moja na nusu: vinne kwa sehemu nne za kitabu, cha tano cha kuunganisha. Mkikutania Nyerere Square mwezi Juni au Julai, njooni na sweta. Upepo wa jioni hausubiri mmalize sura.

Anzeni na utangulizi, mmoja asome kwa sauti. Ni kurasa chache: mazao yamekufa, baba anauza watoto wake watatu, Nash, Martha na Travis. Hapa wasomaji hupotea kwa kutafuta ukoo. Nash yuko Liberia miaka ya 1830; Martha ni bibi kizee anayeelekea magharibi ya Marekani baada ya utumwa kufutwa; Travis ni askari wa Kimarekani nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hawawezi kuwa wa tumbo moja. Baba ni sauti ya bara zima la Afrika, inayosikiliza kwa miaka 250. Lisemwe mapema, mtaokoa nusu saa ya ubishi.

Daftarini choreni safu tatu: nani anasema, mwaka gani, anamwambia nani. Ya tatu ndiyo yenye kazi. Nash anamwandikia Edward, bwana wake wa zamani, na majibu hayaji; baadaye tunajua mke wa Edward ndiye aliyezizuia barua. Linganisheni shukrani za barua ya kwanza na ukali wa ile ya mwisho. Sehemu ya Martha ni fupi, isomeni kwa mkupuo mmoja.

Kumbukumbu za Hamilton, nahodha wa meli ya watumwa, 1752 hadi 1753, ni kavu na wengi huziruka. Msiziruke. Gawaneni: mmoja asome hesabu za watu walionunuliwa, mwingine barua za mahaba kwa mkewe. Mkono ni uleule. Karibu na mwisho ananunua wavulana wawili wenye nguvu na msichana mmoja. Hapo rudini kwenye utangulizi.

Sehemu ya Travis inasimuliwa na Joyce, Mwingereza mzungu aliyempenda, na shajara yake imevurugwa tarehe. Andikeni kila tarehe kwenye kikaratasi, mzipange sakafuni, kisha msome tena kwa mpangilio wa mwandishi. Joyce hatangazi kwamba Travis ni mweusi. Kila mmoja aseme aligundua ukurasa gani.

Kikao cha tano ndicho hasa cha kwetu: linganisheni kitabu na safari za watu wa hapa Dodoma. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita Ugogo ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na Mpwapwa ilikuwa kituo chake. Miaka ya 1970 Operesheni Dodoma ilihamishia watu vijijini. Kuanzia 2016 watumishi wa serikali wakahamia mjini. Kosa la kawaida ni kuyatia yote kapu moja. Aliyehamishwa kikazi akalipiwa mizigo hakuuzwa. Kwa kila kisa ulizeni: nani aliamua, nani alilipwa, na nani angeweza kurudi?