Wanasevu, hawanunui: namna ya kujua mteja wako wa mtandaoni amekwama wapi

Posti ya gauni Instagram imeseviwa na watu 140, waliouliza bei ni tisa, aliyelipa ni mmoja. Wauzaji wengi wa Kariakoo na Sinza wakiona hesabu ya namna hii hukimbilia kuandika "OFA". Usishushe bei bado. Anayesevu ameshapenda, ila kuna jambo hajalijua, na mara nyingi jambo hilo ni jumla ya fedha itakayomtoka hadi mzigo ufike mlangoni kwake. Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza maduka ya mtandaoni, huonyesha kwamba karibu vikapu 70 katika kila 100, yaani bidhaa ambazo mteja ameshazichagua, huachwa bila kulipiwa. Katika maswali yake kwa wanunuzi wa Marekani, ukiwatoa waliokuwa wanaangalia tu, sababu inayoongoza ni gharama za ziada kama usafiri na kodi. Wenzetu hukutana na gharama hizo kwenye ukurasa wa malipo. Mteja wa Dar hukutana nazo inboksi, tena akiwa na ujasiri wa kuuliza.

Anza kwa kupima

Akaunti yako ya Instagram iwe ya biashara, maana ya kawaida haionyeshi takwimu. Chukua posti kumi za mwisho na kwa kila moja andika kwenye daftari: waliosevu, waliokuja inboksi, waliotajiwa jumla pamoja na nauli, waliolipa. Instagram haitakupa majina ya waliosevu, inakupa idadi tu, kwa hiyo hizo safu tatu nyingine unazijaza mwenyewe kutoka kwenye meseji.

Kisha tazama hesabu inapoanguka. Waliosevu wengi na inboksi kimya: posti yako inaficha kitu, na kwa kawaida ni bei. Wanakuja, wanatajiwa nauli, wanapotea: tatizo ni usafiri. Wanafika hadi kuomba namba ya kulipia halafu "nitakucheki": hawajakuamini. Wale wanaorudi wenyewe kuanzia tarehe 23 na kuendelea walikuwa wanasubiri mshahara, na hao hawahitaji punguzo lolote.

Kabla hujahuzunika kwa wale 140, toa watu wa aina mbili. Wapo wanaosevu mshono ili wakamwonyeshe fundi cherehani wao, na wapo mawinga wanaochukua picha wakauze mzigo wako kwa bei yao. Posti za vitenge na magauni ya sherehe hujaa sana watu hao. Posti ya pasi au sufuria haina hadithi hiyo, kwa hiyo usilinganishe idadi ya waliosevu kati ya bidhaa za aina tofauti.

Andika bei, na andika jumla

Sababu ya kuandika "bei njoo inboksi" inajulikana: jirani asione, winga asipige hesabu. Lakini jirani atatuma mtu aulize, na winga ataijua bei kabla ya saa sita mchana. Anayezuiliwa kweli ni mteja mwenye haya, anayehofia kuuliza kisha akashindwa kununua. Huyo husevu na kupita. Ukitaka ushahidi wa dukani kwako, kwa wiki mbili weka bei kwenye posti moja na uifiche kwenye inayofuata, bidhaa ziwe za kundi moja, kisha linganisha waliolipa. Usilinganishe meseji: posti yenye bei itakuletea meseji chache, na hilo ni jambo jema kwa sababu maswali ya "bei gani?" yamekwisha.

Nauli ndiyo ngumu zaidi. "Delivery ipo" haimwambii mtu wa Mbagala chochote. Kaa na bodaboda wako mmoja au wawili mnaoaminiana, mgawe jiji kwa kufuata barabara kubwa: Barabara ya Morogoro (Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi), Bagamoyo (Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju), Nyerere (Tazara, Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto) na Kilwa (Mtoni, Mbagala). Kila barabara ikatwe sehemu mbili, ya karibu na ya mbali, na kila sehemu ipate bei moja isiyobadilika. Kigamboni iwe peke yake, kwa sababu kuna kivuko au tozo ya daraja. Tengeneza picha moja yenye bei hizo, iweke kwenye hailaiti na ubandike posti yake juu ya ukurasa. Instagram inaruhusu kubandika posti tatu.

Hapo unaweza kuandika chini ya gauni: "35,000. Hadi Sinza 40,000, hadi Tegeta 43,000." Bei ya boda iliyopangwa kwa mkupuo huzaa nafuu nyingine: siku mbili maalumu kwa wiki kwa kila barabara. Boda akibeba mizigo sita ya Barabara ya Bagamoyo kwa safari moja, nauli ya kila mteja inashuka sana kuliko ya safari ya mtu mmoja. Anayetaka leo leo alipe nauli kamili. Mpango huu huvurugika pale unapoahidi Ijumaa wakati mizigo iko miwili tu, ukaahirisha. Ukitangaza siku, boda atoke siku hiyo hata kwa hasara. La sivyo usitangaze.

Jina linalotokea kabla ya namba ya siri

Mteja akiingiza lipa namba, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Ukurasa unaitwa kwa jina la duka, simu inaleta jina la mtu asiyemjua. Hapo ndipo wengi hufuta na kusema wataendelea kesho. Sajili lipa namba kwa jina la biashara, na kama bado unatumia jina lako, liandike wazi: "Jina litakalotokea ni hili." Sentensi hiyo moja huokoa mauzo kuliko nyota zote za maoni.

Picha pia. Picha iliyotoka kiwandani China imeshaonekana kwenye kurasa ishirini, na mteja anajua. Piga video ya sekunde 15 ukiishika bidhaa yenyewe, ndani nje, zipu ikifunguliwa na kufungwa, na karatasi yenye jina la ukurasa wako ikionekana.

Kulipa mzigo ukifika kunavutia lakini kuna maumivu: boda anafika Kimara, simu ya mteja imezimwa, nauli ya kwenda na kurudi inakuangukia. Njia inayofanya kazi ni mteja kutanguliza nauli tu, kisha akalipia bidhaa baada ya kuiona. Asiyekubali kutanguliza nauli alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Kwa mikoani, tuma picha ya stakabadhi ya mzigo, namba ya basi na simu ya ofisi ya basi mara tu unapokabidhi Mbezi au Shekilango, bila kusubiri kuulizwa.

Kwa nguo, saizi ni hofu nyingine. "Free size" haimaanishi kitu. Laza nguo, pima kifua, kiuno na hipsi kwa inchi, zidisha mara mbili, kisha andika na urefu wa nguo. Kwa viatu, mwambie asimame kisigino kikigusa ukuta, aweke alama kidole kirefu kinapoishia, apime sentimita. Wewe pima soli ya ndani.

"Nishikie"

Huyu ni mteja wa kweli, anayengoja mshahara au zamu yake ya mchezo (upatu). Mwekee masharti: bila pesa, saa 24 tu; akitanguliza asilimia 30, siku saba; akitaka kulipa kidogo kidogo, awamu tatu ndani ya mwezi, bidhaa ikae kwako. Kila akilipa, mtumie ujumbe wenye kilicholipwa na kilichobaki. Sema mapema kama akighairi unarudisha zote au unakata kiasi. Bidhaa iliyoshikiwa iwekwe kwenye mfuko wenye jina lake, kando na stoo. Ugomvi mkubwa huanzia hapo: msaidizi kauza kiatu kilichotangulizwa.

Kwenye WhatsApp Business wape lebo yao, na andika tarehe waliyosema. Ukiwarudia, peleka habari badala ya "bado unahitaji?": "Ile ya kijani saizi L ipo. Hadi Tegeta 43,000, boda anatoka Ijumaa saa nane mchana." Mara moja baada ya siku mbili tatu, mara moja karibu na tarehe 25, kisha mwache. Ukitumia orodha ya matangazo (broadcast), kumbuka ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako. Na usiandike "imebaki moja" kama zipo kumi; ataiona kwenye statasi wiki ijayo.

Punguzo la kila mwisho wa mwezi ndilo linalowafundisha watu kusevu na kungoja. Kama lazima upunguze, ondoa mzigo uliokaa zaidi ya siku 60, siku isiyotabirika. Mawinga nao wape bei ya jumla kuanzia pisi sita, waache kukuchezea picha. Wa mishono wauzie kitambaa.