Kusajili droni Marekani ni dola 5 tu, usikubali kulipa zaidi

Naandika hii kwa Waswahili wenzangu tulioko huku Marekani, wale mlionunua droni ndogo ya kuchezea wikiendi au mnaotaka kununua. Juzi ndo nimemaliza kusajili yangu na imenitoka dola 54 badala ya 5, na wiki tatu badala ya nusu saa, nisingependa mwingine yamkute.

Kwanza pima uzito. FAA, yaani mamlaka ya anga ya huku, wanasema droni ya kujifurahisha ikiwa chini ya gramu 250 haihitaji kusajiliwa. Wengi tunanunua DJI Mini kwa sababu hiyo hiyo, lakini uzito unaohesabiwa ni ule inaopaa nao, na kila kilichofungwa juu yake. Mini 4 Pro yangu niliiweka kwenye mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, ikiwa na betri ya kawaida haifiki 250. Nikaweka ile betri kubwa ya Plus, ya kukaa hewani muda mrefu, ikavuka palepale. Kwa hiyo ukinunua betri Plus umenunua na usajili. Ndege za rimoti za kuunda mwenyewe nazo ni hivyo hivyo zikifika 250. Gari la rimoti la mtoto halihusiki kabisa, FAA wana shida na kinachopaa tu.

Sasa hapa ndo nilipochomwa. Nilikuwa kwenye gari namsubiri mtoto atoke shule, nikagoogle kusajili droni, nikabonyeza ya kwanza iliyotokea. Saiti ina tai, ina bendera, rangi ya buluu ya kiserikali, wakaomba jina, anwani, kadi, dola 49. Nikalipa bila wasiwasi kwa sababu huku tumeshazoea kila kitu kina ada. Jioni ikaja imeili na PDF ya hongera, nikaisoma mpaka mwisho natafuta namba ya usajili, hakuna. Ni tangazo la watu binafsi, hawana uhusiano wowote na serikali. Nilipiga simu benki kupinga yale malipo, nikajaza fomu, wiki tatu nasubiri, wakajibu kwamba kadi niliitoa mwenyewe kwa hiyo hela hairudi. Jamani, angalieni anwani juu ya skrini kabla ya kutoa kadi. Ya kweli ni faadronezone-access.faa.gov, lazima iishie na faa.gov. Ada ni dola 5, inakaa miaka 3, na kwa mtu wa kujifurahisha hiyo 5 inafunika droni zako zote hata ukiwa nazo sita, namba ni moja.

Kufungua akaunti sielezi, ni imeili na paswedi kama kwingine. Ukishaingia utaulizwa unarusha kwa kundi gani, na hapa usiharakishe. Kuna Recreational, ya kujifurahisha, na kuna Part 107, ya kazi. Ukisajili kwenye Part 107 kwa makosa huwezi kuhamisha kwenda ile nyingine, unaanza upya na unalipa tena, na huko kila droni ni dola 5 yake. Lakini msikimbilie tu Recreational kwa sababu ni rahisi. Kama unapiga picha za harusi au send-off ya watu na unapewa hata hela ya mafuta, hiyo ni kazi. Hata ukirushia kanisa lako bure ili waweke video kwenye ukurasa wao, FAA hawahesabu kuwa ni kujifurahisha. Hapo unahitaji leseni ya Part 107, mtihani wake unaufanyia kwenye kituo cha mitihani, dola 175, na unasoma kweli kweli. Najua vijana wetu wengi wanafanya sherehe za watu bila hiyo leseni, wasaidieni kuipata, ni kazi nzuri na inalipa.

Umri wa kusajili ni kuanzia miaka 13. Mtoto akiwa chini ya hapo mzazi anasajili kwa jina lake mwenyewe. Na swali ninaloulizwa sana: mimi niko na visa ya shule, sina green card, naruhusiwa? Ndiyo, unajaza kama wengine, ila kile cheti kwako kinahesabika kama utambuzi kwamba droni ni yako, sio usajili wa ndege ya Marekani. Usiogope kujaza.

Kuna sehemu wanaomba namba ya Remote ID. Huo ni mfumo wa droni kujitangaza hewani iko wapi na rubani yuko wapi, na tangu 16 Machi 2024 wanaufuatilia kwa droni zote zinazotakiwa kusajiliwa. Mimi niliandika namba iliyo kwenye rimoti, ikakataa, nikaandika ya kwenye betri, ikakataa. Inayotakiwa ni ya droni yenyewe, kwa DJI inaanza na 1581F, utaipata kwenye programu ya simu au kwenye boksi. Nilipoipata nikaikosea tena maana niliandika herufi O mahali pa sifuri, mpaka nikaja kujifunza kwamba namba hizi hazitumii kabisa herufi O wala I. Ukiona duara ni sifuri, ukiona mstari ni moja. Kama droni yako ni ya zamani au umeiunda mwenyewe haina Remote ID, unanunua kifaa kidogo cha kufunga juu yake, au unarusha kwenye viwanja maalum vinavyoitwa FRIA, vingi ni vya klabu za ndege za rimoti.

Ukilipa namba inakuja kwenye imeili, inaanza na FA. Iandike nje ya droni, mahali panapoonekana bila kufungua kitu. Mimi nimetumia kalamu ya wino usiofutika juu ya kistika cheupe ubavuni. Ile karatasi ya cheti piga picha uwe nayo kwenye simu kila unaporusha.

Bado kuna mtihani wa usalama unaoitwa TRUST na huu ni wa kila anayerusha kujifurahisha, hata mwenye droni ya gramu 100, hata mtoto. Ni bure, mtandaoni, kama nusu saa, ukikosea swali wanakuelekeza unajaribu tena kwa hiyo hakuna kufeli. Ila pakua cheti siku ile ile ukihifadhi sehemu mbili, kwa sababu walioutoa hawabaki na nakala. Changu kilikuwa kwenye simu ya kazini, nilipoirudisha kikaondoka nayo na nikarudia mtihani wote.

Kabla ya kupaisha fungua B4UFLY, huduma ya kuonyesha wapi unaruhusiwa kurusha, uangalie ramani. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege mara nyingi unaomba ruhusa kwa mfumo unaoitwa LAANC kupitia programu ya simu, bure, na jibu linaweza kuja papo hapo. Ramani ina viboksi vyenye urefu wa futi, penye 0 usiombe maana hupati. Kwingine mwisho ni futi 400 na macho yako yaione droni muda wote. Ndugu zetu wa DC, Silver Spring na Alexandria, ndani ya maili 15 kutoka uwanja wa Reagan hairuhusiwi kurusha bila idhini maalum, hata ile ndogo kabisa, tokeni nje ya hapo kwanza.

Na mkienda likizo nyumbani, huu usajili wa FAA haufanyi kazi kule. Kenya ni ruhusa ya KCAA, Tanzania ni TCAA, yaani mamlaka za anga za kule, na inaombwa kabla hujapanda ndege, la sivyo droni itaishia forodha.